Nyumba ya Mama Fridah Inauzwa Dubai

Oud Metha, Dubai
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Hudson,

Pokea salamu za mpwa wako anayeng'aa kama sufuria ya harusi. Mgongo unaendeleaje? Na yule kuku asiyetaga, bado mnavumiliana? Mimi ni mzima na nimenenepa, koti la kazi linanibana mabegani. Ukisikia watu wa stesheni wakisema Cyrus amekonda Uarabuni, wacheke tu.

Naandika kwa sababu huku simu za WhatsApp hazipigwi, ni maandishi tu yanayopita. Najua hiyo simu niliyokutumia unaiwasha Jumapili peke yake, ukishatoka kanisani, ukiwa umeketi pale stesheni penye mtandao. Basi vuta kiti, leo ni ndefu.

Kwanza nimepanda cheo. Zamani nilisimama getini nikianikwa na jua kama mahindi. Sasa niko ndani, kwenye baridi ya mashine, ofisi ya watu wanaouza majumba. Kazi yangu ni kufungua mlango wa kioo na kuwa na sura ya mtu asiyechezewa. Wewe uliniuliza, nilipoacha shule kidato cha pili, kwamba nitakuja kufungua nini maishani. Jibu ndilo hilo.

Sasa sikia jambo lililonifanya niandike. Mkubwa wa ofisi, Mpakistani anayeitwa Sir Hashir, juzi alileta picha kubwa kama mlango wa ghala, ikatundikwa ukutani. Nikaitazama. Nikasogea. Nikarudi nyuma. Mjomba, ni nyumba ya Mama Fridah. Hiyo hiyo unayoilinda, hiyo hiyo niliyokuwa nikifukuzwa kwenye ngazi zake kwa sababu ya matope. Naijua hata nikiamshwa usingizini: dirisha lililotokeza mbele kama tumbo la diwani, ubaraza wenye mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha kufunika redio, bomba la moshi la matofali lililoinama kidogo upande wa reli. Imepakwa rangi mpya, imependeza mpaka nikaona wivu.

Chini yake wameandika kwa Kiingereza kwamba ni nyumba ya kihistoria ya enzi za Malkia Victoria, imekarabatiwa, na inauzwa.

Inauzwa, Mjomba. Huku, kwa watu wa huku. Wewe unajua? Mama Fridah anajua? Au mnauza nyumba ya kifalme huko na mimi mtoto wa kibanda cha nyuma nasikia kutoka ukutani?

Jibu haraka. Halafu hiyo rangi ya madirisha ni kijani gani? Inafanana na dawa ya kikohozi.

Mpwa wako, mkuu wa mlango,
Cyrus


Londiani
16 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Cyrus,

Nimepata maneno yako. Mimi nipo. Mgongo ni ule ule. Kuku nilimla.

Rangi aliichagua Henry, mtoto wa Mama, mwulize yeye.

Cyrus, umenikosesha hamu ya chakula. Nilisoma mara ya kwanza nikadhani ni mzaha wako. Nikasoma tena. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba nyumba inauzwa. Mimi nilichoambiwa ni hiki. Henry alikuja mwaka jana na gari, akasema mama yake amechoka na Nairobi, anataka kurudi kumalizia siku zake chumbani kwake, kwa hiyo nyumba irudishwe kama ilivyokuwa ilipojengwa. Nikafurahi. Nimeifanya kazi hiyo mwaka mzima kwa mikono hii, na vijana wawili wa kunishikia ngazi.

Na alikuwa mkali kwenye kazi. Hakutaka kuona msumari. Kila ubao ufungwe kwa skrubu. Kila ubao niuandike namba upande wa nyuma, kama zile zilizochongwa na mafundi wa Uingereza wakati nyumba ilipokuja kwa meli ikiwa imefungwa kwenye masanduku, ikapandishwa hapa na gari la moshi. Nilimwuliza sababu. Akasema ubao mmoja ukioza siku moja, utatolewa bila kuvunja wenzake. Nikaona huyu kijana ana akili kuliko baba yake.

Sasa sijui. Nikipiga simu ya Mama, anapokea Henry. Anasema mama amelala. Mama gani huyo analala saa nne asubuhi, na alikuwa akituamsha wote?

Siku ile anapelekwa Nairobi kutibiwa mguu, Mama alinipa funguo mkononi. Aliniambia, Hudson, nitarudi, usimwachie mtu nyumbani kwangu. Mimi nikasema ndiyo. Kibanda hiki ninacholala, nalala kwa sababu ya ile ndiyo. Yeye asiporudi, au akirudi akute kwake pameuzwa, mimi ni nani hapa?

Fungua macho. Usiulize watu, tazama tu. Mdomo wako uupumzishe.

Ni mimi,
Mjomba Hudson


Oud Metha
23 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Salamu, na pole kwa msiba wa kuku. Hapa afya ipo, ila wiki hii nimezeeka kwa sababu ya upelelezi.

Ulisema nitazame. Umempata mtu. Nina macho ambayo serikali ingenilipa.

Jumatano Henry alikuja hapa. Ndiyo, Henry huyo huyo. Suti ya bluu, viatu bila soksi, manukato yaliyofika kabla yake. Mimi nimefungua mlango, akanipita kama anavyopita nguzo ya umeme. Nilikuwa nikiteka maji ya kuoshea gari la baba yake, Mjomba, na hakunikumbuka. Au alijifanya. Hilo nimeliweka pembeni, nalo nalishuku.

Alikuwa na kijana wa hapa anayeitwa Talal, mwenye kanzu isiyojua vumbi ni nini. Wote wanamwita arbab, yaani bwana mkubwa, hata Sir Hashir ambaye ni mkubwa wetu anakuwa mdogo ghafla. Waliingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Nikaenda kusimama karibu, nikijifanya nafukuza nzi. Hakuna nzi ofisi hii, lakini nani atahesabu? Nilisikia "mama" mara moja na "sahihi" mara moja, halafu wakacheka, halafu khalas, yaani yamekwisha, wakatoka.

Sasa kuna kichekesho. Wametengeneza nyumba yenyewe ndogo, ya kuchezea, wameiweka mezani ndani ya kioo. Ubaraza upo, ngazi zipo, hata bomba la moshi. Lakini kuizunguka wamepanda mitende. Mitende, Mjomba, Londiani, pale ambapo mwezi wa saba tunavaa blanketi kwenda chooni. Na mbele wameweka bwawa la bluu la kuogelea. Nilicheka mpaka Fortunate, dada Mganda anayefanya usafi hapa, akaniuliza kama nimepandwa na kitu. Nikamweleza: hawa watu wanauza mahali wasipopajua. Yeye akaitazama kwa muda mrefu akasema, "Cyrus, watu hawa hulipia kila mti. Hawakosei mti." Huyo ni mzuri wa sura lakini anapenda kubisha.

Mimi nimeshaelewa mchezo. Wanachotaka ni shamba. Nyumba ni chambo tu, picha ya kupendeza ya kumvuta mnunuzi. Nyumba ni nini? Ni mbao na madirisha. Tangu uzaliwe umewahi kusikia mtu ameiba nyumba akaacha shamba? Wanataka zile ekari zote hadi relini, na kaburi la Mzee wa Mama Fridah ndani yake, na wewe na kibanda chako mfagiliwe kama takataka.

Kwa hiyo fanya kama wanavyofanya watu wenye akili kwetu. Andika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba shamba haliuzwi. Nenda kwa chifu. Weka pingamizi kwenye hati ofisi ya ardhi. Na mpima ardhi asikanyage hapo. Ukimwona na ile mashine yake ya miguu mitatu, mfungulie mbwa.

Usinishukuru. Nikija nitachinjiwa.

Mpwa wako, jicho la Oud Metha,
Cyrus


Londiani
9 Machi 2025

Cyrus,

Habari ya huko. Hapa tunaamka.

Nimefanya. Kando ya lango nimeandika kwa rangi nyekundu SHAMBA HILI HALIUZWI, herufi zinaonekana hata na mtu aliye kwenye basi. Upande wa reli nimeandika tena. Chifu alinipeleka mwenyewe ofisi ya ardhi, kwa sababu anamheshimu Mama na kwa sababu hampendi Henry. Hati bado ni ya jina la Mama, nimeiona kwa macho. Pingamizi limewekwa. Sasa hata arbab aje na ndege hapati shamba hili bila Mama kusimama mbele ya watu na kusema kwa mdomo wake.

Silali. Mtu akisimama barabarani kufunga kamba ya kiatu namwuliza anafunga kwa nini.

Sasa nataka kukuuliza kitu, na ujibu kama mwanamume. Henry alinipigia. Alianza na mambo ya nyumba, kwamba wameona wadudu wanaotoboa mbao, kwamba atatuma watu wakazichukue zikatiwe dawa Nakuru kabla Mama hajarudi. Hilo ni sawa, nami niliwahi kuona unga kwenye mbao za sakafu. Lakini kabla ya kukata akaniuliza, taratibu tu, "Mzee Hudson, una mtu wako Dubai?"

Nikakata simu. Amejuaje?

Mimi nakujua, Cyrus. Ukipewa kofia mpya unazunguka kijiji kizima. Umewaambia nini? Na wamekupa nini? Maana naona umejua mengi kwa haraka, cheo kimepanda kwa haraka, na unanielekeza la kufanya kama mtu aliyetumwa.

Kama kuna mkono wako humo, sema sasa.

Hudson


Oud Metha
Jumatano, 12 Machi 2025

Mzee Hudson,

Salamu. Umetia sahihi bila neno mjomba, nami nimeona. Kwa hiyo mzee.

Ni kweli nilimwambia Sir Hashir kwamba fundi aliyeirudisha ile nyumba ni kaka wa mama yangu. Nilisema mbele ya picha, mbele ya watu. Nilisema wewe ni fundi ambaye Uingereza hawana tena. Hicho ndicho nilichouza. Nilichopewa ni "good, good" na kikombe cha chai, nacho nilikinywa nimejificha kwenye stoo ya mafagio kwa sababu huku ni Ramadhani na mchana watu hawali mbele za watu.

Ukishanywa chai yako na mbwa wako wa ulinzi, nisalimie ukuta wako mwekundu. Mimi sitakuandikia tena mpaka utakaponiomba.

Cyrus


Oud Metha
Jumanne, 25 Machi 2025

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Hujaomba lakini naandika. Afya baadaye.

Nimekupigia tangu mchana kwa simu ya kawaida, kwa pesa yangu, na mwanamke wa mtambo ananiambia hupatikani. Mtandao wa huko kwenu hupanda mlima, ukichoka hurudi. Namba ya mtu mwingine wa huko sina. Ukisoma hii, funga lango kabla ya kumaliza kusoma.

Leo Sir Hashir alinipa ile nyumba ndogo ya kioo niipeleke Al Barsha kwa gari la ofisi. Yalla, haraka, usivunje. Nikafikiri napeleka kwenye duka. Dereva akaniteremsha kwenye uwanja nyuma ya hoteli moja, umezungushiwa mabati. Ndani kuna mitende imeshapandwa, bado imefungwa magunia. Kuna shimo refu limewekwa vigae vya bluu. Na katikati kuna nguzo fupi za mawe, zimejengwa kwa mistari, zikisubiri kubeba kitu. Talal alikuwepo na mchoro. Nikaweka kioo mezani, nikatazama nyumba ndogo, nikatazama uwanja. Mitende mahali pake. Bwawa mahali pake. Na zile nguzo, Mjomba, ni kama zile nilizokuwa nikijificha katikati yake chini ya sakafu ya Mama Fridah, hata ile kona iliyokatwa kwa ajili ya dirisha la mbele.

Fortunate alisema hawakosei mti. Hawakukosea. Sisi ndio tuliokosea.

Hawataki shamba. Hawajawahi kulitaka. Wananunua nyumba yenyewe, mbao zake, ngazi zake, waifungue kama kitanda, waipakie, waje kuisimamisha hapa watu wanywee chai ndani yake. Ndiyo maana skrubu. Ndiyo maana namba. Henry alikufanya uijenge ili ifunguke.

Hao watu wa dawa ya wadudu wasiingie. Mwite chifu. Lala mlangoni.

Cyrus


Oud Metha
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mjomba washa simu.


Londiani
30 Machi 2025

Cyrus,

Nimesoma zote leo, kwa pamoja, hapa stesheni. Jumapili mbili sikuwasha simu. Nilikuwa nimekasirika.

Walikuja na malori wiki mbili zilizopita. Vijana wenye adabu, na barua ya Henry. Niliwazuia langoni, nikakagua malori moja moja. Sikuona mpima. Sikuona kamba wala vigingi. Nikawaambia, mkigusa udongo nitapiga kelele. Wakasema, mzee, sisi ni wa mbao tu. Nikawafungulia lango mimi mwenyewe.

Nilikaa nao siku zote walizofanya kazi. Nilikuwa nawatazama miguu, wasije wakapima kwa hatua. Skrubu za ubaraza zilipowashinda, niliwaazima bisibisi yangu. Niliwapikia chai. Kila ubao niliuita kwa namba yake, ukashushwa bila mkwaruzo. Mmoja wao akasema hajawahi kuona nyumba inayotoka vizuri namna hii. Nikaona fahari.

Lori la mwisho limeondoka Alhamisi.

Zimebaki nguzo za mawe, na lile bomba la moshi limesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na basi. Shamba lipo lote. Ukuta mwekundu upo. Nimepiga simu ya dereva aliyeniachia namba yake nimwulize kama mbao zimefika Nakuru. Hapokei.

Kuhusu niliyokuandikia mwanzo wa mwezi, yafute.

Mjomba wako


Oud Metha
6 Aprili 2025

Mjomba,

Nakusalimu kwa sauti ya chini. Nimefuta. Nilikuwa nimeshafuta kabla hujasema, nilikuwa najipandisha bei tu.

Nimejaribu kuandika kitu cha kukuchekesha, hakuna kilichokuja. Fortunate anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza ananiona nimenyamaza na kwamba inanipendeza.

Sikiliza. Yule Henry anakaa na simu ya mama yake, lakini hawezi kukaa na akina mama wa kanisa. Mama Fridah aliongoza umoja wao miaka yote, si wana mtu wao Nairobi? Waambie wamtembelee mgonjwa. Mtu akifika na maua na kitabu cha nyimbo, Henry atamfukuzaje? Mama asikie kutoka kwako kabla hajasikia kwa mwanawe, maana mwanawe atampa hadithi yenye manukato.

Najua ni wewe utakayemwambia kwamba nyumba haipo. Ningekuwa huko ningesimama nyuma yako.

Mpwa wako,
Cyrus


Londiani
11 Mei 2025

Mpwa wangu,

Natumaini joto la huko halijakukausha. Hapa mvua imekuja na viazi vimetoka.

Mama Fridah yuko hapa.

Akina mama walifika kwake kama ulivyosema, wakamkuta yu macho na mwenye akili timamu. Hakulala saa nne hata siku moja. Mmoja akampa simu yake. Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, hata bisibisi. Akauliza kama nina kuni kavu.

Siku ya tatu akaja kwa teksi, na mkongojo. Alisimama pale zilipokuwa ngazi. Mimi nilisimama mbali kidogo, kofia mkononi, nikingoja kufukuzwa. Akaniambia kuna karatasi Henry alimpa atie sahihi, akamwambia ni za ukarabati, naye hakuwa na miwani. Akazunguka nguzo, akafika kwenye kaburi la Mzee, akang'oa nyasi mbili tatu. Kisha akauliza yale maandishi mekundu ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akacheka, Cyrus. Akasema, "Ile nyumba ilikuwa inapitisha baridi kila tundu. Niliipenda kwa sababu ya mahali ilipo."

Amechukua kitanda changu. Mimi nimehamia stoo ya vifaa. Anaamka kabla yangu na kuniuliza kwa nini jiko halijawashwa.

Henry amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alileta machungwa na simu mpya. Anasema nyumba ilikuwa ikioza tu, anasema pesa ni za matibabu ya mama, anasema angemjengea nyingine ya mawe yenye maji ya moto. Anaongea vizuri. Mama akamwuliza, "Kama ni kwa ajili yangu, mbona mimi ndiye sikuambiwa?" Machungwa hayakuliwa. Mara ya pili Mama alisema lango lisifunguliwe, nami sikulifungua. Alisimama nje kwa muda, akaondoka.

Sijui kama atarudi. Mama hasemi, lakini gari likipita barabarani huacha kumenya viazi akasikiliza.

Mjomba wako Hudson


Al Barsha, Dubai
21 Septemba 2025

Mjomba wangu, msalimie Mama, mwambie mtoto wa matope anamwamkia shikamoo.

Nyumba imesimama. Nimekwenda kuiona. Sikutaka kuipenda. Mbao zako zote zimerudi mahali pake, na mashine za baridi ndani yake, sasa inapitisha baridi kweli.

Talal amesikia kwamba nimekulia hapo nyuma. Anataka niwe mtu wa mlangoni, nivae koti refu lenye vifungo vya shaba, nikaribishe wageni na kuwaambia kidogo habari za nyumba. Mshahara ni mzuri kuliko wa Sir Hashir. Nina sura ya hilo koti, huwezi kubisha. Lakini nimeshindwa kusema ndiyo wala hapana, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa. Nikikubali, naona kama nimekula nao sahani moja. Na ninawashuku: labda wananitaka ili ionekane kwamba watu wa nyumba wameridhika.

Mwulize Mama. Akisema niache, naacha, na koti walivalishe nguzo.

Cyrus


Londiani
5 Oktoba 2025

Mpwa wangu,

Tu wazima. Nimemsomea Mama barua yako mara mbili. Alifikiri akiwa anapepeta maharagwe, halafu akaniambia niandike hivi, kama alivyosema:

"Mwambie akubali. Afadhali awe wa kwetu mlangoni kuliko mtu mwingine. Lakini asiseme kwamba nyumba hiyo haina mwenyewe. Mgeni akiuliza mwenye nyumba yuko wapi, amjibu kama tunavyojibu wageni siku zote: Mama hayupo, yuko shamba."

Ni hayo. Koti ulipige pasi.

Mjomba wako


Al Barsha
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mjomba mpendwa, na Mama popote ulipoketi,

Ni matumaini yangu mmeamka bila maumivu. Mimi nimeamka na koti lenye vifungo vya shaba, na jana nimepigwa picha nyingi kuliko bwana harusi.

Ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Magari, maua, watu wa kanzu, Wazungu, madam wenye mbwa wa kubebwa. Nilifungua mlango kwa ustadi ambao Londiani hamna. Mmoja akauliza, hii ilikuwa nyumba ya nani? Nikasema ni ya Mama Fridah. Akauliza, yuko wapi? Nikasema kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili kwamba ametoka kidogo, yuko shamba. Wakacheka kwa furaha wakaingia. Nikarudia kwa kila aliyeuliza. Talal akanipa kidole gumba, alidhani ni sehemu ya mchezo.

Saa za jioni akaja Henry, peke yake, suti ile ile. Nilikuwa nimejipanga kumwambia maneno, Mjomba, nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka Krismasi. Lakini alipofika kwenye ngazi alisimama. Akatazama ubaraza. Akafuta viatu vyake kwenye ukingo wa ngazi, mara mbili, kama tulivyokuwa tukilazimishwa sote. Kisha akasema hodi. Mlango uko wazi, watu mia wanapiga kelele ndani, yeye anasema hodi, kwa sauti ndogo.

Akanitazama usoni. Safari hii alinijua, nina hakika. Alikuwa anangoja nimwambie karibu.

Sikuweza, na sikuweza pia kumtukana. Nikamwambia, "Mama hayupo, Henry. Yuko shamba."

Akabaki na mguu mmoja kwenye ngazi. Halafu akageuka, akapita kati ya mitende, akapanda teksi. Ndani walimtafuta akate keki, hakuonekana. Leo Sir Hashir amenipigia kuniuliza nilimwambia nini mteja wake. Huenda koti nikalirudisha kesho, sijui.

Dereva wa teksi ni Mkenya, namfahamu kutoka kanisani. Anasema alimpeleka uwanja wa ndege, na hakuwa na hata begi.

Inawezekana ni ujanja mwingine. Mimi mwenyewe bado namshuku. Lakini ukiwasha simu na kusoma haya, huenda ameshafika hapo nje na amesimama. Mwulize Mama kama lango lifunguliwe. Mimi wa mlango wangu nimemaliza, huo mwingine ni wenu.

Mpwa wako,
Cyrus